Yule wa kibanda umiza pale Mwanga leo kanirushia MIA MBILI mbele ya watoto!!!

Mwisho_wa_Reli:

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, mnisamehe herufi zikirukana. Nimetoka pale sasa hivi, hata kandambili sijavua. Jina la huyo mwenye kibanda cha kuonyeshea video sitaji, la nini? Mtu yeyote aliyewahi kupita Mwanga hapa Kigoma jioni akasikia sabufa inakohoa anamjua. Ndiyo huyo huyo. Yule rimoti kaitundika shingoni kwa kamba ya kiatu, akilala anayo, akioga anayo.

Leo kaweka katuni ya mashujaa wa Justice League, ile ya 2001, sehemu ambayo Green Lantern anakamatwa. Kiingilio mia tano, nimelipa, sikukopa. Nikakaa benchi la mbele na watoto maana la nyuma lina msumari, na huo msumari una uzi wake siku nyingine.

Mnaoijua mnajua utamu wake. John Stewart, ndiye huyo Green Lantern, anashtakiwa kwamba alipokuwa anamfukuza yule haramia Kanjar Ro, mwali wa pete yake ulikwenda kombo ukalipua sayari nzima, Ajuris 5. Sayari, jamani, siyo kuku wa jirani! Na mwenyewe anaamini kweli kafanya. Yale maroboti yanamfuata, anajisalimisha, anasimama kizimbani hajitetei. Mawakili wanamkimbia, kwa sababu kule sheria yao wakili akishindwa kesi anakula adhabu ile ile ya mteja wake. Anajitokeza nani? Flash, shujaa mwenzake! Yule mropokaji asiyejua kukaa kimya hata msibani ndiye anakuwa wakili. Watoto wamekufa kwa kicheko, mimi nimekufa kwa kicheko, roho safi.

Sasa wakuu. SASA.

Wenzake wanakwenda kule angani ilikokuwa sayari. Hamna kitu, patupu. Ila mwezi wa ile sayari bado upo, unazunguka njia yake ile ile. Unazunguka NINI? Kibanda kizima kimya, kuna mtoto alikuwa na kikohozi akakimeza. Na hapo hapo, HAPO HAPO, mwenye kibanda anachomoa flashi yenye katuni, anashika maikrofoni yake ya mnadani, anatangaza: "Wa kijani kanyongwa, kesi imeisha, watoto nyumbani, watu wa mpira waingie."

KANYONGWA!

Nikasimama, nikamwambia kwa heshima zote, ndugu yangu, huyu hajanyongwa wala hajaua mtu, sayari ipo, imefichwa kwa kiini macho, rudisha tumalizie kipande kilichobaki. Akanitazama kuanzia kipara hadi kandambili. Akaingiza mkono mfukoni. Akanirushia sarafu ya mia mbili.

"Babu, kanunue ashkrimu unyamaze."

Wakuu, ile sarafu iligonga benchi, ikadunda, ikaviringika taratibu mpaka mlangoni, ukumbi mzima unaisindikiza kwa macho. Mlio wake naamini hadi Kalemie kule Kongo umefika, wamejiuliza Kigoma kuna nini. Mtoto mmoja akaiokota akatoka nayo mbio, kwa hiyo hata hiyo mia mbili sina!

Mimi nina wajukuu. Nikipita mtaani kwetu watu wananiamkia. Leo naambiwa ashkrimu.

Na angesema tutaendelea kesho ningenyamaza. Kasema kanyongwa! Kuna watoto usiku huu wamelala wakijua John Stewart ni muuaji. Hata wale wa Ajuris walimpa kesi, walimpa mashahidi, walimpa Flash. Huyu wetu kamhukumu kwa sababu ya mpira. Tena mechi yenyewe ya marudio, matokeo tunayo tangu juzi!

Mia mbili. Ashkrimu. Mimi.

Mgebuka_Mkavu:
Nimeweka kiti, naagiza na kahawa kabisa.

Binti_Ujiji:
Shikamoo babu. Pole sana. Ila ungechagua ya ladha gani?

Fundi_Redio:
Uzi bila picha ni chai. Weka picha ya sarafu.

Mwisho_wa_Reli:
Marahaba Binti Ujiji, lakini wewe na huyo Fundi hamna adabu. Sarafu kaichukua mtoto NIMESHAANDIKA, hamsomi! Alirusha hivi, kwa vidole viwili, hata mkono hakunyoosha. Vidole viwili!

Kamba_ya_Nyavu:
Ngoja kwanza, ni yule anayechaji na simu pale pembeni?

Mwisho_wa_Reli:
Huyo huyo.

Kamba_ya_Nyavu:
Basi mimi nina langu. Nilimwachia simu asubuhi, jioni narudi napewa simu yangu, kava langu, betri la mtu mwingine. Namuuliza, ananijibu "si inawaka?" Babu, wewe umerushiwa mia mbili, mimi nimeibiwa moyo wa simu. Shukuru.

Mwalimu_wa_Zamu:
Kwenye suala la mwezi namuunga mkono mleta uzi. Mwezi unashikwa na mvutano wa sayari yake. Sayari ikitoweka kweli, mwezi haubaki kuzunguka patupu, unaiacha njia ile na kujiendea zake. Ushahidi ulikuwa wazi pale juu, hakukuwa na haja ya kesi. Ila mzee wangu, hao watoto wa benchi la mbele ni wa darasa la ngapi? Kesho wana jaribio langu la hesabu na wote waliniambia wanakwenda kujisomea.

Mwisho_wa_Reli:
Mwalimu, mimi si mtoa taarifa. Na umeona? Hata sayansi iko upande wangu, na bado nimerushiwa sarafu!

Popo_wa_Gungu:
Mnamlilia Lantern mtu aliyepata mahakama na wakili. Batman je? Katuni ya 1992, Man-Bat ndiye anavamia maabara na kuiba dawa, yule daktari Kirk Langstrom akishageuka. Bullock, yule mpelelezi wa polisi, kasikia habari za popo tu, kasema ni Batman. Polisi wakatumwa kumwinda mtu wa watu usiku kucha, bila kizimba, bila Flash. Huko ndiko kusingiziwa.

Utando_Halisi:
Popo kaa chini. Spider-Man ya 1994 mmeiona? Chombo cha anga kimeangukia daraja, kijana kawaokoa wanaanga kwa mikono yake, Rhino ndiye kaondoka na madini. Eddie Brock anazo picha zinazomwonyesha Rhino, kazificha, kampelekea Jameson, yule mwenye gazeti, zile zinazomwonyesha Spider-Man peke yake. Jameson akatangaza dola milioni moja kwa atakayemleta. Na mmoja wa waliookolewa ni MTOTO WA JAMESON! Unaokoa mtoto wa mtu, baba yake anakuwekea bei.

Binti_Ujiji:
Dola milioni moja? Hapa kwetu angetajwa na shangazi yake mwenyewe kabla ya magharibi.

Popo_wa_Gungu:
Lakini Spider-Man alisafishwa mapema, mtoto wa Jameson alizinduka akasema ukweli. Usichanganye mambo.

Utando_Halisi:
Kumbe unaijua vizuri halafu unajifanya mtu wa popo.

Mwisho_wa_Reli:
Wakuu tusitoke nje ya mada. Mada ni MIA MBILI.

Mteja_Mfalme:
Kwa ukweli mimi nilikuwepo. Huyo mzee alikuwa anasimulia mbele kila kitu, "sasa hivi atakuja Flash, sasa hivi mtaona mwezi," watu walishachoka. Mwenye kibanda ni mtu muungwana sana na bei zake nzuri. Na ukae ukijua kiingilio cha watoto ni mia tatu.

Fundi_Redio:
Akaunti imefunguliwa leo saa mbili usiku, komenti ya kwanza hii. Karibu jukwaani, mwenye kibanda.

Kamba_ya_Nyavu:
BETRI LANGU!!!

Mgebuka_Mkavu:
Subirini, nimepiga hesabu. Babu kalipa mia tano. Kiingilio cha mtoto mia tatu. Mia tano toa mia tatu ni mia mbili. Babu, ile haikuwa dharau, ulirudishiwa chenji. Ulihesabiwa mtoto.

Binti_Ujiji:
Nimecheka mpaka mama kagonga mlango.

Mwalimu_wa_Zamu:
Hesabu ni sahihi.

Mwisho_wa_Reli:
CHENJI HAIRUSHWI! Chenji mtu anapewa mkononi! Na kama ni chenji, ashkrimu imeingiaje? Mnijibu hilo. Nawasubiri.

Mti_wa_Mawese:
Samahani kwa kuchelewa, nimesoma ukurasa wa kwanza tu. Huyu mwenye kibanda si ndiye asubuhi anauza samaki, migebuka, kule Kibirizi? Anachanganya ya jana na ya leo, ya leo anaipanga juu. Ukifika nyumbani ukamwaga beseni ndiyo unakutana na chozi.

Kamba_ya_Nyavu:
Hapo kosa la mnunuzi. Mgebuka unaangalia jicho na shavu. Jicho limeingia ndani, shavu limepauka, pita.

Mti_wa_Mawese:
Saa kumi na moja alfajiri na giza lile niangalie shavu la samaki? Nenda na tochi wewe.

Popo_wa_Gungu:
Tangu Ziwa Tanganyika lifungwe tusivue ile miezi mitatu ya 2024, Mei hadi Agosti, hawa watu wamenogewa na bei. Ziwa lilishafunguliwa, bei imebaki kule kule. Dagaa nao sasa hivi unapimiwa kikopo, nusu mchanga.

Binti_Ujiji:
Nunueni Ujiji jamani, mnang'ang'ania Kibirizi ya nini?

Mgebuka_Mkavu:
Ujiji bei ya wageni. Wakisikia lafudhi ya Tabora tu, wanaongeza.

Utando_Halisi:
Wewe ni wa Tabora? Ndiyo maana unapiga hesabu za chenji za watu.

Mwisho_wa_Reli:
Hakuna aliyejibu la ashkrimu.

Mti_wa_Mawese:
Tukiwa hapo hapo, nani anashuka Dar kwa treni wiki hii? Nina dumu la mawese la shemeji yangu, atalipokea pale pale stesheni.

Fundi_Redio:
La lita ngapi?

Mti_wa_Mawese:
Ishirini. Kifuniko nimekaza, nimeweka na nailoni, halitoki hata tone.

Fundi_Redio:
Maneno hayo hayo uliniambia safari ile. Begi langu mpaka leo nikilifungua kwenye daladala watu wanauliza nani kabeba maharage. Suruali mbili nilimpa fundi magari, ndiyo anafutia spana.

Mti_wa_Mawese:
Lile lilikuwa dumu jingine, mkuu.