Kipimo cha jeni cha saratani ya ini: kaunti zikitengee pesa sasa?

Mwalimu, Ahero:
Naanza mimi. Watafiti wanatengeneza kipimo cha damu kinachoangalia jeni zipi zimeamka na zipi zimelala, ili saratani ya ini ijulikane ingali ndogo. Hoja iliyo mezani ni kaunti zetu za ziwa zianze kukitengea pesa. Napinga. Mtoto wetu huchanjwa homa ya ini B, ambayo virusi vyake vinaweza kuleta saratani ya ini baadaye, akiwa na wiki 6, 10 na 14, ilhali Shirika la Afya Duniani linataka dozi ya kwanza ndani ya saa 24 tangu azaliwe. Mtoto akiambukizwa na mamake wakati wa kuzaliwa, uwezekano wa kubaki na virusi hivyo maisha yote ni karibu 9 kwa 10. Ongeza sumukuvu ya mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu, nayo huchangia saratani hiyo. Pesa iende huko kwanza.

Fundi wa maabara, Kisumu:
Mwalimu, chanjo naiunga mkono kabisa. Lakini inamsaidia nini mzee wa miaka 45 aliye na virusi tangu utotoni? Huyo anatakiwa apigwe picha ya ini kila miezi 6 na apimwe AFP, protini ya damu inayoweza kupanda mtu akiwa na saratani ya ini, na hiyo AFP huukosa uvimbe mara nyingi ukiwa bado mdogo. Ndiyo maana wanatufikia tumbo limejaa maji, macho ya manjano. Tena msiogope neno RNA, yaani nakala zinazotolewa na jeni iliyoamka, ambazo kipimo hiki kipya husoma. Tukipima wingi wa virusi vya UKIMWI tunasoma RNA: damu inakuja kwa pikipiki ndani ya kiboksi cha barafu, tunaizungusha, tunatoa plazima, inaingia mashineni. Kazi hiyo tunaijua.

Muuguzi, Siaya:
Kaka, ujuzi mnao, sibishi. Ila RNA ya virusi ukiikuta ni ya virusi, basi. Hapa mnasoma jeni za mgonjwa mwenyewe, na vipimo vingine vya aina hii husoma chembe nyeupe. Malaria inazivuruga chembe hizo. Kichocho cha tumbo, ambacho wavuvi wetu wanakipata ziwani, kinaliachia ini makovu. Kipimo kilichopangwa kwa damu ya watu wasiojua malaria kinaweza kumtia mtu hofu ya saratani bure, au kimpe mwenye uvimbe ruhusa ya kwenda nyumbani. Hilo la pili ndilo linaloniumiza zaidi. Kwanza kijaribiwe kwa watu wetu wenye homa ya ini B, walio na kichocho na wasio nacho, na wafuatiliwe kwa picha miaka kadhaa. Pesa ya utafiti huo naikubali hata leo. Ya kununua, hapana.

Mwalimu, Ahero:
Dada, kwa utafiti nakubali. Sasa Fundi, nijibu hili: mtu wa kijijini akiambiwa damu yake ina alama mbaya, picha ya kuthibitisha atapigwa wapi, wiki ile ile, na nani atailipia? Na wa kuukata uvimbe huo ni nani, yuko wapi?