KABURI LA NGUZO LINARUSHA MISHALE!!! Nimechoka na huyu mtu

Mwana_wa_Langoni

Salamu nitatoa baadaye, saa hii mikono inatetemeka. Mmeshafungua toleo jipya la modi yetu, ile nyongeza ya gemu ya kujenga miji ya Pwani? Fungueni. Jengeni kaburi la nguzo, lile kaburi la mawe lenye nguzo ndefu juu yake, halafu ngojeni adui asogee karibu.

LINARUSHA MISHALE.

Kaburi! Nguzo imesimamishwa kwa heshima ya maiti wa watu, leo inarusha mishale mitano kwa mpigo kama buruji la ngome! Nimekaa mbele ya skrini kinywa wazi mpaka nzi wameingia wakatoka.

Jina sitaji. Nyote mnamjua. Ni yule yule aliyetuletea msikiti wenye kuba la dhahabu akasema ndio mtindo wa Pwani.

Kwa nguzo ile mimi nimevuka kutoka Lamu kwenda kisiwa cha Manda mara nne. Takwa, ule mji wa magofu, maji yakitoka mashua haifiki, unashuka unakanyaga tope la mikoko mpaka magotini, simu nimeinua juu ya kichwa kama mtoto mchanga. Nimepiga picha kila upande. Wiki 7 nimechonga kwenye Blender, programu ya kuchora maumbo, nikaipaka chokaa iliyoliwa na mvua, nikaweka hata ule weusi wa ukungu. Nikapachika na mabakuli ya Kichina, maana wazee walikuwa wakiyatia kwenye nguzo, nendeni Mambrui mkaulize. Na kazi yake niliandika wazi: mji wenye kaburi la nguzo unapata heshima, wafanyabiashara wanakuja. Basi! Watu wa Shela mpaka leo wanavuka kwenda Takwa kuomba mvua kwenye kaburi lile. Wenzake wanaomba mvua, yeye ananyeshea watu mishale!

Nikamwandikia usiku ule ule, kwa adabu zote: "Bwana, mbona kaburi linapigana?" Mnajua kanijibu nini?

"Nguzo ilikuwa haina kazi, tumeipa kazi."

HAINA KAZI. Kaburi halina kazi! Alitaka lichote maji?

Mengine ningemeza. Vyumba nilivichora upana usiofika mita 3, kwa sababu dari inabebwa na boriti za mkoko na boriti ina mwisho wake. Ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Yeye kavipanua mpaka farasi sita wanapita sambamba. Dari imeshikwa na nini, dua? Zidaka, vile vishubaka vya ukutani, kazifuta, eti ni "vitundu vinavyolemea gemu". Msikiti kauelekeza baharini, mashariki, na huku kwetu kibla ni kaskazini, mtoto wa chuo cha Kurani anajua! Yote hayo ningemeza na maji ya chumvi juu yake. Lakini kaburi?

Nimejaribu tena sasa hivi nihakikishe. Kaja mfanyabiashara wa watu na vitambaa vyake, kaburi limemmaliza kabla hajashusha mzigo.

"Tumeipa kazi." Naondoa majengo yangu yote 14. Niambieni kama nimekosea.

PundaWaMkomani

Nimemwaga chai. Sisi wa mtaa wa Mkomani tunawajua, watu wa Langoni kwa kulia hamjambo! Wiki 7 nguzo moja? Kwa mwendo huo mji wa Takwa ungekuwa haujaisha mpaka leo.

Bi_Zidaka

Mwacheni kijana alie, ana haki. Mimi nimeumia na zidaka. "Vitundu"! Ukuta wa zidaka ndio uso wa nyumba. Uko kule ndani kabisa, unapanga vyombo vyako vya kaure, chumba chembamba kinaonekana kinaenda mbali ndani. Bibi yangu angesikia neno "vitundu" angemtoa huyo mtu kwa mwiko mpaka usitani.

Kisu_cha_Pate

Mimi swali langu dogo tu. Mishale mitano inaongezeka ukijenga makaburi mawili? Maana jana nimezungushia mji makaburi manane na hakuna aliyeniingia.

Mwana_wa_Langoni

MANANE??? Umezungushia mji makaburi ukalala usingizi? Wewe na yeye mmoja!

Mtoto_wa_Malindi

Nyinyi mna nguzo angalau. Sisi tuna makaburi ya nguzo pale kwenye msikiti wa Juma, moja la karne ya 15, lakini ukitamka "nguzo ya Malindi" kila mtu anakuletea ule msalaba wa Vasco da Gama. Mtu kafika 1498, kakaa siku chache, kapewa rubani kaondoka, na yule bwana wenu kauweka msalaba wake kuwa ndio jengo la ajabu la mji wetu! Gedi, magofu ya mji wa kale hapo karibu na Malindi, haimo kabisa! Gedi ina kaburi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, karibu miaka 100 kabla Mreno hajaonekana. Jumba la mfalme lipo, msikiti mkuu upo, visima vipo. Mpaka UNESCO wameiandika Urithi wa Dunia 2024. Yeye hajaiona.

PundaWaMkomani

2024? Lamu tuliandikwa 2001. Karibuni mkeka, kaeni pale mwisho.

Mtoto_wa_Malindi

Ndiyo majibu yenu siku zote. Mnajiona.

FundiChokaa

Hakuna aliyeona ngome? Modi inaanza karne ya 14, na Ngome ya Lamu imesimama pale tangu dakika ya kwanza. Ngome imeanza kujengwa 1813 ikaisha 1821! Wakati huohuo Shanga, kule kisiwa cha Pate, ambako wachimbuaji wamekuta misikiti imejengwa mmoja juu ya mwingine, wa kwanza wa miti, tangu karne ya 8, kaipa vibanda vitatu na mbuzi. Na chokaa inanunuliwa kwa dhahabu. Chokaa inachomwa, bwana! Unapanga magogo ya mkoko, unaweka matumbawe juu, unawasha. Mti na jiwe la bahari, dhahabu ya nini?

Mwana_wa_Langoni

Sawa fundi, ila turudi kwenye kaburi. Linarusha mishale.

Bi_Zidaka

Na hao farasi sita wanapita wapi? Vichochoro vyetu punda wawili wenye mizigo wakikutana mmoja lazima arudi nyuma.

Kisu_cha_Pate

Bi mkubwa, punda utamwona wapi siku hizi. Juzi nimekoswakoswa na bodaboda hapo pwani mbele ya ngome, kapiga honi kana kwamba mimi ndiye nimeingia barabarani kwake.

Bi_Zidaka

Hilo la bodaboda usinianzishe! Mji huu tumekua tunatembea kwa miguu. Sasa mtoto anatoka chuoni roho iko mkononi.

FundiChokaa

Pikipiki zinatikisa kuta. Nyumba ya matumbawe ya miaka mia mbili haikujengewa mtikisiko ule, plasta inadondoka kipande kipande.

Mwana_wa_Langoni

Jamani. "Ilikuwa haina kazi, tumeipa kazi." Hamkuisoma hiyo?

PundaWaMkomani

Tumeisoma. Fundi, plasta ya kwangu nayo inadondoka ukuta wa msana, kile chumba kirefu, wote. Chokaa nzuri nitaipata wapi wiki hii, na boriti score moja, yaani ishirini, sasa ni bei gani?

FundiChokaa

Ukitia saruji juu ya matumbawe tu, mimi na wewe basi. Njoo inbox.