Tundu la mvule limezibwa udongo: nani yumo, na naweza kukata?

Wakuu, kuna mvule mkongwe pembeni ya shamba huku Amani (Tanga), kipenyo karibu sm 90. Juu kama mita 8 pana tundu lililozibwa udongo, umebaki ufa mwembamba. Tawi moja kavu linaelekea banda la mbuzi. Nikate lini?

Mlinzi wa Kigwe
Huyo hondohondo, ndege wa mdomo mkubwa. Jike kajifungia ndani, dume anamlisha matunda kupitia ufa huo. Hawachongi wenyewe kama kigong'ota, wanategemea tundu lililooza pale tawi lilipovunjika, na tundu la kumtosha ndege mkubwa hivyo huchukua miaka mingi kupatikana. Angalia chini: jike hurusha kinyesi nje kwa ufa, kwa hiyo mbegu hurundikana palepale. Zikiwa zimeshachipua majani, ujue yumo tangu wiki kadhaa zilizopita. Usibomoe udongo ili uchungulie, dume anaweza kususa na kima wakapata mlango. Hondohondo wa aina kubwa hukaa humo zaidi ya miezi mitatu. Akitoka utakuta vipande vya udongo mkavu shinani.

Perere_Usiku
Kagua na matundu mengine, mti mmoja hupangisha wengi. Vidonge vya kinyesi vilivyorundikana sehemu moja shinani ni vya perere, mnyama mdogo wa mitini jamii ya pimbi, ana choo chake maalumu. Komba utamwona giza likianza kuingia: simama mita 20, tulia, tochi ifunike nailoni nyekundu.

Fundi Msumeno
Mvule wenye uwazi si lazima uanguke. Toboa kwa keekee ya mm 6 sehemu tatu au nne kuzunguka shina, chini ya tundu. Unga ukitoka mkavu wenye rangi ya kawaida ya mvule, njano hadi kahawia, mbao ni nzima; keekee ikizama kirahisi ghafla au unga ukawa mweusi, umefika kwenye uozo. Pima kina hicho. Kwa sm 90, ukuta mzima chini ya sm 14 hivi ni hatari, na penye mdomo wa tundu panahitaji unene zaidi ya hapo. Tawi kavu likate ndege wakishatoka, sasa hivi hamisha banda. Na kibali cha ofisa misitu unakihitaji hata mti ukiwa wako.

Muulizaji
Miche ipo chini, ina majani mawili mawili. Mbuzi wanahama kesho.