Mrejesho: raba nyeupe za ngozi

Wapendwa, nimerudi. Niliomba ushauri wa raba nyeupe za kike, za ngozi, ambazo malighafi yake haiumizi watu wala misitu. Nimechukua Veja Campo, kampuni ya Kifaransa, viatu vinashonwa Brazili. Ngozi yake imelainishwa bila kromi (kemikali ya kutengenezea ngozi viwandani), na kwenye soli kuna mpira unaogemwa kwenye miti ya porini Amazoni. Dada uliyesema "ngozi ni ngozi tu", kromi ikimwagwa hovyo inaharibu mito, mpenzi.

Bei imeniuma, sifichi.

Wiki ya tatu sasa, na Kariakoo nimeenda nazo siku ya matope (ubishi wangu). Kitambaa, maji, sabuni kidogo, zikang'aa. Kamba ndizo zimegoma, leo nimeziloweka.