Beta wangu na jua la dirishani: namsaidia au namuumiza?

Mtoto wa Ibanda (Bukavu)

Jambo yenu wote. Naombeni ushauri, na mwenye kujua anijibu leo kama inawezekana, maana samaki wangu hali yake si nzuri.

Nina beta dume, wa bluu mwenye mkia mwekundu. Huu ni mwezi wake wa tatu kwangu, kaka yangu alinitolea Kampala. Anakaa kwenye chombo cha kioo cha lita 4 hivi. Asubuhi za Bukavu mnazijua: kipimajoto ndani ya maji kinasoma 20, siku za mvua 19. Nikiamka namkuta amelala chini, ubavu kwenye kokoto, mapezi yamekunjamana kama kitambaa kilicholowa. Basi nikaanza kumweka dirishani, upande wa mashariki. Jua linamfikia saa moja na nusu, na ikifika saa tatu anaogelea, anakula, rangi imerudi. Nilifurahi sana. Mama naye akaniunga mkono: hata mtoto mchanga tunamtoa nje aote jua, sembuse samaki.

Juzi nilichelewa sokoni Nyawera. Nimerudi saa tano, kipimajoto 31. Samaki yuko juu kabisa, mdomo nje ya maji, matamvua yanapiga haraka haraka. Nikamtoa dirishani. Mchana mvua ikanyesha, jioni maji yakawa 22. Tangu hapo hataki chakula. Na maji yenyewe yameanza kuwa ya kijani.

Je, beta anahitaji jua? Na kama hahitaji, baridi hii niifanyeje, na umeme wetu unakuja na kuondoka?

Mwalimu wa Uvira

Pole sana ndugu yangu. Kwanza ya leo: mwache kivulini, usimpe chakula mpaka kesho, na usimwage maji yote. Punguza robo, jaza maji yaliyokaa ndani ya nyumba tangu jana, yenye joto sawa na ya kwake. Amepanda digrii 11 na kushuka 9 ndani ya siku moja, na hilo ndilo lililomchosha kuliko jua lenyewe. Samaki hana joto lake mwilini, maji yakipanda naye anapanda.

Sasa swali lako. Beta kwao ni Thailand na nchi jirani, na mwaka 2019 Thailand ilimtangaza rasmi kuwa mnyama wa majini wa taifa. Anaishi kwenye mashamba ya mpunga, mitaro na vinamasi, maji yasiyofika magotini. Ukishuka huku kwetu bonde la Ruzizi, ukaingia kwenye mpunga saa nane mchana, unayahisi maji vuguvugu miguuni. Lakini inama, fungua majani uangalie chini yake: kiza. Beta anapenda kukaa mahali kama hapo. Jua linampashia maji, yeye mwenyewe amejificha. Kwenye chombo chako cha kioo, jua linampata pande zote na hana pa kukimbilia.

Kwa hiyo hahitaji jua la kumpiga mwilini. Anahitaji maji ya digrii 24 hadi 28 yasiyoyumba, na mwangaza wa kawaida wa mchana kwa muda wa saa nane hadi kumi na mbili kila siku, ajue kumekucha. Halafu usiku kiza cha kweli, maana hana kope za kufumba.

Mwambie Mama kwa heshima zote kwamba kwa mtoto yuko sahihi, ngozi ya mtoto hutengeneza vitamini D kwa jua. Samaki huipata kwenye chakula. Tena kioo cha dirisha huzuia karibu miale yote inayofanya kazi hiyo, kwa hiyo hapo dirishani alikuwa anapata joto tu.

Mkaaji wa Himbi (Goma)

Yaya, nimesoma habari yako nikakumbuka wangu. Nilimweka kwenye ndoo ndogo ya plastiki barazani, asubuhi ya mawingu. Nikaenda kazini na mawazo kwamba siku nzima itakuwa hivyo. Saa nne jua likatoka, na mnajua jua la huku juu, mita 1,500, linavyochoma likipasua mawingu. Niliporudi maji yalikuwa kama ya kuogea. Alikuwa amegeuka tumbo. Sikununua mwingine mwaka mzima.

Nimejifunza jambo moja kuhusu madirisha yetu. Hapa karibu na ikweta, jua la saa sita liko utosini, haliingii ndani. Linaloingia ni la asubuhi kwa dirisha la mashariki na la jioni kwa la magharibi. Kwa hiyo mtu anaangalia chumba mchana, anakiona kina kivuli, anasema hapa pazuri, kumbe saa mbili asubuhi mwanga ulikuwa umelala moja kwa moja juu ya meza ile. Kabla ya kumweka mahali, kaa siku nzima uone mwanga unapita wapi.

Jambo jingine, usije ukachota maji ya ziwa kwa kuwa ni ya vuguvugu. Wengi huku Goma tunafanya hivyo. Maji ya juu ya Kivu yana 23 au 24 kweli, lakini pH yake, yaani kipimo cha asidi ya maji, iko karibu na 9. Beta anataka 6.5 hadi 7.5. Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa hili, wameyazoea, huyu siye wa humo.

Dada wa Kamalondo (Lubumbashi)

Sisi baridi yetu ni ya mwezi wa sita na wa saba, usiku unaweza kushuka chini ya digrii 10 nje, kwa hiyo hilo la umeme tumelihangaikia sana. Nikwambie ninavyofanya.

Tafuta chombo kikubwa zaidi. Lita 4 ni kikombe. Beta mmoja mpe lita 20, yaani bidoni moja nzima ya njano. Maji mengi yanachelewa kupata joto na yanachelewa kupoa. Hilo peke yake litakupa nusu ya unachotafuta.

Halafu frigoliti, ile nyeupe nyepesi inayokuja na televisheni. Kata vipande, funga nyuma, ubavu zote mbili na chini. Acha mbele tu. Juu weka kifuniko chenye matundu, uache nafasi ya vidole vitatu kati ya maji na kifuniko. Nafasi hiyo usiidharau: beta ana kiungo kichwani cha kuvutia hewa ya juu, na hewa ile ikiwa ya baridi sana inamdhuru.

Umeme ukiwepo, weka kile chuma kidogo cha kupasha maji chenye kujizima chenyewe kwa 25. Ukikatika usiku, jaza chupa ya plastiki maji ya moto, funga vizuri sana, iache ielee humo. Usimimine maji ya moto ndani, hata kidogo. Angalia kipimajoto, ukiona imepanda digrii moja au mbili itoe.

Kijana wa Bagira (Bukavu)

Mimi sikubaliani na kumkataza jua kabisa. Wangu yuko karibu na dirisha mwaka wa pili huu. Tangi la lita 40, mimea imejaa, na jua la asubuhi linagusa pembe moja kama dakika ishirini. Hajapata shida. Mimea yenyewe inapendeza.

Mwalimu wa Uvira

Kijana wa Bagira, kwako ni sawa, na sababu umeitaja mwenyewe: lita 40, mimea, pembe moja tu. Samaki wako anaweza kuondoka kwenye mwanga. Kwa mwenzetu wa Ibanda hakuna pa kuondokea. Na ule ukijani wake ni mwani, unakula mwanga mwingi na uchafu wa chakula kilichobaki. Akipunguza vyote viwili utaisha.

Mtoto wa Ibanda (Bukavu)

Aksanti sana wote. Ni siku ya tisa leo, nimeona nirudi kuwaambia.

Siku ile nilifanya kama Mwalimu alivyosema. Kesho yake alikula punje mbili, akatema moja. Siku ya tatu alikula zote. Nimepata tangi la lita 22 kwa fundi wa vioo, frigoliti nimeokota dukani, na nimelihamishia ukuta wa ndani, mbali na dirisha. Nilikaa na kitabu Jumamosi nzima kufuata mwanga, Mkaaji wa Himbi alikuwa na haki: jua la saa mbili lilikuwa linafika mpaka kabati nililotaka kuliweka kwanza.

Vipimo vya jana: saa kumi na mbili asubuhi 23, saa tisa mchana 25. Umeme ulikatika usiku wa Jumanne na chupa ya maji ya moto ilisaidia, maji hayakushuka chini ya 22. Mama ndiye aliyeamka kuibadilisha.

Asubuhi hii nimekuta povu jeupe limekusanyika kwenye kona, viputo vidogo vidogo vimeshikana chini ya jani, naye anazunguka hapo anaongeza kimoja kimoja. Hilo ni jambo jema au niliondoe?

Dada wa Kamalondo (Lubumbashi)

Usiliguse! Ni kiota. Dume hujenga hivyo akiwa na nguvu, hata kama hakuna jike. Ukibadilisha maji, mimina taratibu upande wa pili.