Tupeane uzoefu: jina KAWASAKI lilikuchanganya wapi?

Mzee wa Vitz
Wakuu habari zenu. Leo kwenye daladala amepanda kijana kavaa fulana imeandikwa KAWASAKI kifuani, nikacheka peke yangu mpaka konda akaniuliza kama niko sawa.

Nilikumbuka gari langu la kwanza. Nililipia Vitz nyeupe, cc 1000, hela ya kudunduliza miaka minne. Karatasi za meli zikaja. Juu kabisa: Kawasaki Kisen Kaisha. Chini kidogo, bandari ya kupakia: Kawasaki. Neno Toyota lilikuwa huko katikati kwa herufi za sisimizi, sikuliona. Nikajua tayari nimepigwa, naletewa pikipiki. Usiku ule nilimwandikia muuzaji barua pepe saba. Mke wangu kageuka kitandani akaniuliza, "Sasa hiyo pikipiki ikija, tutapanda wote watano?"

Haya, na nyie tiririkeni.

Wakala wa Kurasini
Hauko peke yako mkuu, nimeshawatuliza wateja kadhaa kwa hilo hilo. Kisen Kaisha maana yake kampuni ya meli. Ndio wenye zile meli za magari zilizoandikwa K LINE ubavuni, na hiyo K ni Kawasaki. Halafu kuna mji wa Kawasaki, katikati ya Tokyo na Yokohama, una bandari yake na magari ya mtumba yanapakiwa pale. Majina yamegongana tu. Karatasi ikija, wewe kimbilia namba ya chesisi, mengine waachie wenyewe.

Chausiku
Hapo kwenye "tutapanda wote watano" nimeacha ugali jikoni.

Mbongo Kanto
Mimi niko huku Japani mwaka wa tatu. Mwaka wa kwanza jamaa kanipatia tiketi ya mechi ya Kawasaki Frontale, timu ya mpira wa miguu, akaniambia tukutane uwanjani Todoroki. Mimi kichwani: timu ya Kawasaki, basi stesheni ya Kawasaki. Kwanza nikashuka Shin-Kawasaki. Kumbe "shin" ni mpya, na hiyo "mpya" iko kwingine kabisa na Kawasaki yenyewe. Nikahangaika mpaka nikaifikia Kawasaki, nimetoka nje, hamna jezi hata moja. Nikaingia kwenye kile kibanda cha polisi, askari mzee akanichorea ramani nyuma ya risiti: rudi ndani, panda laini ya Nambu, shuka Musashi-Nakahara, kisha tembea. Kachora na mti wa kugeukia. Nimeingia dakika ya 70. Ramani ninayo mpaka leo.

Na hapo bado. Kuna Kawasaki nyingine, mji mdogo kule Miyagi, na nyingine Fukuoka. Kawa ni mto, saki ni rasi au ncha ya nchi. Ni kama sisi na Mtoni zetu, ukisema tu "nakaa Mtoni" mtu lazima akuulize Mtoni ipi.

Fundi Boxer
Mnacheka Kawasaki na hiyo Boxer mnayopanda kwenda kazini ina damu yake.

Ninja wa Tegeta
Acha uongo fundi. Boxer ni ya Mhindi.

Fundi Boxer
Mhindi alifundishwa na nani? Bajaj na Kawasaki walianza kushirikiana miaka ya 80, na Boxer za mwanzo kule India ziliuzwa kwa majina yote mawili, Kawasaki Bajaj. Kule India wameachana juzi tu, 2017.

Ninja wa Tegeta
Ndoa imevunjika, mtoto kabaki kwa mama. Boxer Mhindi. Kawasaki ni ile ya kijani inayopita huku umeshaisikia kwenye mifupa.

Fundi Boxer
Unayo?

Ninja wa Tegeta
Ninayo kwenye simu.

Shangazi wa Ukonga
Nendeni mkagombanie gereji.

Mama Imani
Nimesoma kichwa cha uzi huu moyo ukaruka. Nyie mnacheka, na mimi sasa hivi nacheka, ila naomba niandike.

Mwanangu alikuwa na miaka miwili na nusu. Homa ikaanza Jumatatu. Jumanne malaria hakuna. Jumatano wakasema UTI, tukapewa dawa. Alhamisi macho yamekuwa mekundu yote mawili, lakini hayana tongotongo, mekundu tu makavu. Midomo ikapasuka ikatoa damu. Nikamwambia toa ulimi, ulimi mwekundu una vipelevipele, kama mtoto aliyelamba ubuyu mchana kutwa. Nikamgombeza dada wa kazi kwa nini anampa ubuyu mtoto mgonjwa. Yule binti akalia, akaapa hajampa. Mpaka leo lile neno linaniuma.

Ijumaa vipele mwili mzima. Zahanati wakasema surua, nikawaambia chanjo kapata. Basi mzio wa dawa. Jumamosi viganja vimevimba, viatu haviingii, na shingoni upande mmoja kuna tezi kama yai la kware. Halafu kulia. Si kulia kwa njaa wala kwa deko, ukimgusa analia, ukimwacha analia.

Tukapelekwa hospitali kubwa. Daktari wa watoto, dada mdogo tu, akamwangalia macho, mdomo, viganja, akauliza homa ina siku ngapi. Nikasema hii ya sita. Akanyamaza, kisha akasema, "Mama, nadhani mtoto ana Kawasaki."

Mume wangu alikuwa safarini, nikampigia baba mkwe. Mtandao unakatika. Nikasema baba, mjukuu wako yuko wodini, wanasema Kawasaki. Nikasikia kimya. Kisha akauliza, "Dereva amekamatwa?"

Nikalia. Yeye akajua nalia kwa sababu dereva kakimbia. Kesho yake asubuhi wamefika wodini wanaume wanne kutoka kijijini, yeye, baba wadogo wawili na jirani mwenye fimbo, wanataka namba ya pikipiki. Nesi anawauliza pikipiki gani? Wanasema hiyo Kawasaki iliyomgonga mtoto. Wanamtazama mtoto hana hata mchubuko. Baba mkwe akavua kofia akakaa chini sakafuni, akasema afadhali ingekuwa pikipiki, ningejua la kufanya.

Dawa yenyewe ni dripu ya kingamwili, gramu mbili kwa kila kilo ya mtoto. Wangu alikuwa kilo 12, piga hesabu mwenyewe. Chupa moja ilizidi mshahara wangu. Walewale waliokuja kudai dereva ndio walioenda kuuza ng'ombe wawili, yule wa fimbo akatoa mmoja na wala si ndugu. Dripu ilianza magharibi ikaisha alfajiri. Mchana ule homa ikakatika kama umezima swichi. Wiki iliyofuata ngozi ya ncha za vidole ikaanza kubanduka, nyembamba kama ganda la kitunguu.

Tulienda kupima moyo mara tatu kwa ile mashine ya eko. Mshipa mmoja ulikuwa umetanuka kidogo, sasa umerudi. Yuko darasa la kwanza. Babu yake anamwita Pikipiki.

Chausiku
Mama Imani nimelia ofisini.

Wakala wa Kurasini
Pole sana dada. Huyo jirani wa fimbo apewe maua yake.

Bibi Harusi 2
Kumbe ni ugonjwa wa kweli! Umetoka kwenye huo mji? Nasikia kuna viwanda vingi, moshi ule.

Nesi wa Zamu
Hapana, haujatoka mjini wala kwenye pikipiki. Ni jina la daktari, Tomisaku Kawasaki, mzaliwa wa Tokyo. Mgonjwa wa kwanza alimwona 1961, mtoto wa miaka minne. Akakusanya wengine mpaka 50, akachapisha 1967. Alifariki Juni 2020 ana miaka 95, wakati ambao dunia nzima ilikuwa inalitaja jina lake, maana baada ya korona kuna watoto walipata hali inayofanana na huo ugonjwa. Chanzo chake hakijajulikana mpaka leo. Hauambukizi mtu kwa mtu.

Homa inayofika siku ya tano na macho mekundu makavu, usikae nyumbani. Dripu ile inatakiwa ndani ya siku kumi tangu homa ianze. Bila dawa, karibu mtoto mmoja kati ya wanne mishipa ya moyo inaharibika.

Mbongo Kanto
Mji nao ulikuwa na pumu yake ya moshi wa viwanda, watu wakaenda mpaka mahakamani. Hilo ni lingine, msichanganye.

Dokta wa Mtaani
Mbona rahisi, ni aspirini tu. Nimesoma. Ponda nusu, mpe asubuhi na jioni.

Nesi wa Zamu
Kaka naomba ufute. Kawasaki ni moja ya sehemu chache mtoto anapewa aspirini, na anapewa kwa kipimo cha daktari, pamoja na hiyo dripu. Mtoto mwenye mafua au tetekuwanga ukimpa aspirini unaweza kumharibu ini na ubongo.

Dokta wa Mtaani
Bibi yangu alitupa sote tukapona.

Shangazi wa Ukonga
Ndiyo maana umekuwa hivyo.

Mama Imani
Nesi ongezea na chanjo. Mimi niliambiwa baada ya dripu ile chanjo za surua na tetekuwanga zisubiri miezi 11. Kliniki ya mtaani walitaka kumdunga, nikawaonyesha barua.

Nesi wa Zamu
Sahihi kabisa. Barua hiyo usiitupe.

Otaku wa Buza
Mmeniliza, ngoja nipoze. Kuna katuni ya Kijapani ya wanafunzi wa sekondari, ina binti anaitwa Kawasaki Saki. Yule kijana mkuu kila wakikutana amemsahau jina, anabaki Kawa-nani sijui. Yaani hata Wajapani wenyewe.

Mswahili wa Toronto
Huku kwetu Kawasaki ni Munenori, mcheza besiboli, alikuwa Blue Jays 2013 mpaka 2015. Kiingereza hajui, anasoma kwenye kidaftari mbele ya kamera, na uwanja mzima unampenda. Mke wangu Mkanada aliposikia mtoto wa shemeji anachunguzwa Kawasaki, alidhani kaitwa kwenye majaribio ya timu.

Fundi Boxer
Hakuna Munenori wala nani, uzi ulikuwa wa pikipiki.

Ninja wa Tegeta
Uzi ulikuwa wa Vitz. Hivi mzee, ilifika?

Mzee wa Vitz
Ilifika, mwaka wa nne sasa. Mama Imani, nimekusoma mara mbili, Mungu amkuze Pikipiki.

Ila ina mama ndani, kila nikiwasha anasema kitu kwa Kijapani, sauti nyororo kabisa. Mimi huwa naitikia, "Na wewe pia."

Mbongo Kanto
Hebu nirekodie unitumie.

Mbongo Kanto
Nimeisikia. Anasema kadi ya ETC haijaingizwa. Ni ya kulipia barabara za huku.

Mzee wa Vitz
Miaka minne!