Mjadala: Je, halmashauri iwe na mamlaka ya kukataa jengo kwa sababu sura yake ya nje haipendezi?

Mtoa hoja

Mwaka 1910 mamlaka za jiji la Vienna zilisimamisha ujenzi wa jengo la msanifu Adolf Loos katika uwanja wa Michaelerplatz, mkabala na kasri la mfalme. Kuta zake hazikuwa na kasoro, wala ngazi zake hazikuwa finyu. Kosa lake lilikuwa kwamba ghorofa za juu hazikuwa na nakshi yoyote kuzunguka madirisha, hata watu wakaliita nyumba isiyo na nyusi. Mzozo uliisha kwa suluhu inayochekesha kidogo: yaliongezwa masanduku ya maua chini ya baadhi ya madirisha, na ujenzi ukakamilika. Leo jengo hilo linalindwa kisheria kama urithi, na ukuta uleule uliotakiwa kurekebishwa ndio usioruhusiwa kuguswa.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kila anayeomba kibali cha ujenzi hukutana na maswali ya aina mbili. Aina ya kwanza ina majibu yanayoweza kuhakikiwa: nguzo zitabeba uzito, moshi utapata njia ya kutokea, maji machafu yataelekea mahali fulani. Aina ya pili huuliza kama jengo linaafikiana na majirani zake, kama lina mvuto, kama halichoshi macho, na hapo afisa, msanifu na jirani wanaweza kuutazama mchoro mmoja wakaondoka na majibu matatu, kila mmoja akiamini kwamba wenzake hawana macho.

Kisa cha mji wa Issaquah, katika jimbo la Washington nchini Marekani, kinaonyesha vizuri mahali swali hilo la pili linapoweza kumfikisha mtu. Kanuni za mji zilidai majengo yawe na upatanifu na mazingira, yavutie, na yaepuke kufanana hadi kuchosha. Mwenye kiwanja aliyetaka kujenga jengo la maduka alifika mbele ya kamati mara kadhaa. Aliambiwa rangi haifai, akabadilisha rangi. Akaambiwa kuta ni tupu mno, akarekebisha kuta. Na mjumbe mmoja alikwenda kwa gari mtaa mzima akiandika anayoyaona, kisha maandishi yake yakatumika kama mwongozo kwa mwombaji. Mwishowe maombi yalikataliwa, wakati ambapo mradi ulikuwa umeshagharimu takriban dola 250,000. Mwaka 1993 mahakama ya rufaa ya jimbo iliamua kwamba maneno ya kanuni zile hayakumpa kipimo mwombaji wala wajumbe wenyewe, na ikaagiza aidhinishwe.

Hoja yangu ni hii. Halmashauri iruhusiwe kudai jambo lolote la busara kuhusu sura ya nje, ilimradi imeliandika kabla ya mwombaji kuleta michoro, kwa maneno ambayo wasanifu wawili wasiojuana wakiyasoma watafikia jibu moja. Lisiloweza kuandikwa hivyo libaki kuwa ushauri. Jimbo hilohilo la Washington limeelekea huko kwa sheria ya mwaka 2023, inayozitaka halmashauri zitumie kanuni zilizo wazi na zisizotegemea hisia za mtazamaji katika kupitia sura ya nje ya majengo mapya, na zisiandae zaidi ya mkutano mmoja wa hadhara kwa kila mradi.

Mchangiaji wa kwanza

Niliwahi kuwa mjumbe wa kamati ya aina hii kwa miaka michache, kwa hiyo ndugu mtoa hoja atanisamehe nikisema kwamba kisa cha Issaquah ni kisa cha kamati mbovu yenye kanuni mbovu, na kwamba hakuna taasisi itakayosalia ikiwa kila moja itahukumiwa kwa mfano wake mbaya kuliko yote. Charleston, katika jimbo la South Carolina, imekuwa na bodi ya kupitia usanifu tangu mwaka 1931, na sidhani kuna anayeutembelea mji ule akatamani bodi hiyo isingalikuwapo. Mahakama Kuu ya Marekani nayo ilisema mwaka 1954, katika shauri la Berman na Parker, kwamba ni halali kwa watunga sheria kuamua kuwa mji uwe wa kupendeza na si wa afya tu. Uzuri wa mji ni mali ya watu wote. Asiyeipenda picha ya jirani haingii sebuleni kwake, lakini asiyeupenda ukuta wake ataupita kila asubuhi kwa miaka sitini.

Tatizo la vipimo nimeliona kwa macho yangu. Kanuni yetu ilitaka sehemu kubwa ya ukuta wa ghorofa ya chini unaotazama barabara iwe ya kioo, ili mpita njia aone uhai ndani. Mwenye jengo aliweka kioo kwa kiwango kamili kilichotakiwa, kisha kwa ndani akakibandika karatasi za rangi kutoka sakafuni hadi darini na kupanga rafu zikiwa zimekigeuzia mgongo. Tulipima, kipimo kikatimia, na mtaa ukabaki na ukuta. Aliyeandika kanuni alijua anachokitaka, ila hakuweza kukifunga ndani ya namba. Ndiyo maana kukawa na watu wanaokaa mezani na kutazama.

Na kuna upande wa pili unaosahaulika. Kamati yenye hiari ndiyo inayoweza kulipitisha jengo zuri linalovunja kanuni. Orodha ya vipimo ingemkataa Loos haraka zaidi, bila hata kumpa nafasi ya masanduku ya maua.

Mchangiaji wa pili

Mimi ni msanifu majengo, na nadhani nyote wawili mnabishania mlango wakati nyumba inavuja kwingine.

Tazameni majengo ya kupangisha yaliyojengwa katika miji mingi ya Marekani katika miaka ya karibuni: ghorofa tano au sita, ukuta wa mbele umekatwa vipande vinavyoingia na kutoka, kila kipande kina rangi yake na aina yake ya ubao wa kufunikia. Watu huyachukia na kusema wasanifu wamekosa ubunifu, lakini mkono wa mwongozo wa usanifu unaonekana humo waziwazi. Miongozo mingi hutaka ukuta mrefu uvunjwevunjwe ili jengo kubwa lionekane kama majengo madogo kadhaa, na pengine hutaja kabisa kila baada ya hatua ngapi ukuta uingie ndani na paa lishuke au lipande. Hilo, ndugu mtoa hoja, ni sharti linalopimika kabisa. Wasanifu mia wasiojuana watalisoma na kufikia jibu moja, na jibu lenyewe ni baya.

Niongeze jambo ambalo wajumbe wa kamati hulisikia mara chache, kwa kuwa mwombaji mwenye haraka hathubutu kulisema. Kila kona inayoongezwa kwenye ukuta ni kiungo kimoja zaidi kinachohitaji bati la kuzuia maji, kiziba nyufa, na fundi aliye makini siku hiyo. Maji hupenda viungo. Jengo lenye umbo sahili lina eneo dogo la ukuta kwa kila mita ya mraba ya sakafu, hivyo hupoteza joto au ubaridi kidogo zaidi na kugharimu kidogo zaidi. Na fedha zinazookolewa hapo ndizo ambazo zingenunua tofali halisi au fremu nzuri ya dirisha. Tunapolazimishwa kukatakata umbo, bajeti huishia kwenye kona, na ukuta huvikwa kitu cha bei nafuu chenye rangi nne. Baadaye kamati ileile hulalamika kwamba vifaa ni duni.

Kwangu swali zito ni la wakati. Mpango wa mapitio ya usanifu wa jiji la Seattle, katika jimbo hilohilo la Washington, ulioanza mwaka 1994, uliweka hatua ya mwongozo wa mapema, ambapo umbo la jumla lilijadiliwa kabla michoro haijakamilika. Hapo kubadili wazo ni suala la penseli na siku chache. Mjumbe akinieleza hoja hiyohiyo baada ya mahesabu ya nguzo, mabomba na umeme kukamilika, kusogeza dirisha moja huanza kusogeza kila kitu, na ankara humfuata mpangaji. Nimekutana na wajumbe wenye macho mazuri sana ambao hasara yao yote ilitokana na kusema Septemba jambo walilopaswa kulisema Machi.

Mchangiaji wa tatu

Nitakuwa mfupi. Katika vikao hivi huwaoni watu watakaoishi ndani ya jengo, kwa sababu bado hawajulikani. Wanaohudhuria tayari wana nyumba jirani, na wengi wao hawaji kujadili madirisha; hawataki jengo lenyewe, na sura ya nje ni mlango pekee ulioachwa wazi kwao. Mtu husema jengo ni zito mno kwa mtaa, na tafsiri yake ni kuondoa ghorofa mbili. Sheria ya Washington aliyoitaja mtoa hoja ina kifungu ambacho naona kina uzito kuliko kile cha mikutano: mapitio ya usanifu hayawezi kupunguza urefu, ujazo wala idadi ya makazi chini ya kile ambacho kanuni za kawaida za eneo hilo zinaruhusu. California nayo, kwa sheria ya mwaka 2019, iliweka ukomo wa vikao vitano kwa mradi wa makazi unaotimiza vigezo. Vitano bado ni vingi.

Mchangiaji wa nne

Mifano karibu yote hapa ni ya Marekani, kana kwamba kwingine watu hawajengi. Uholanzi imeishi na suala hili kwa zaidi ya karne moja. Kamati za uzuri wa majengo zilikuwa jambo la kawaida katika miji yake, na malalamiko yalikuwa yaleyale tunayoyasikia hapa: wajumbe ambao hawakuchaguliwa na yeyote, wakiamua kwa ladha yao. Marekebisho ya sheria ya nyumba ya mwaka 2003 hayakuzifuta. Yalisema kwamba manispaa isiyokuwa na waraka wa vigezo uliopitishwa na baraza la madiwani haiwezi kumkatalia mtu kwa sababu ya mwonekano. Baraza linaweza pia kutangaza maeneo ambayo hayapitiwi kabisa, na manispaa ndogo ya Boekel ikaamua kuachana na mapitio hayo. Ninachokipenda hapo ni kwamba ladha imepata mwenyewe: diwani aliyepiga kura anaweza kuulizwa, mjumbe aliyeendesha gari akiandika hawezi.

Salzburg nchini Austria ilichukua njia nyingine mwaka 1983. Iliunda baraza la ushauri wa usanifu lenye wataalamu wa kutoka nje ya mji, wanaohudumu kwa muda maalumu, ili asiwepo anayempitisha rafiki au kumwangusha mshindani. Nako Kyoto, mwaka 2007, halmashauri ilishusha ukomo wa urefu katikati ya jiji kutoka mita 45 hadi 31 kwenye barabara kuu na kupiga marufuku matangazo ya juu ya paa. Hatua hiyo ilikuwa kali kuliko maamuzi ya kamati nyingi, lakini kila mwenye kiwanja alijua asubuhi ya kwanza anachoweza kujenga. Miaka kumi na sita baadaye jiji lilipoona familia changa zinahama, lililegeza ukomo huo katika baadhi ya maeneo. Kanuni iliyoandikwa inaweza kurekebishwa hadharani namna hiyo. Ladha ya kamati sijui mtu angeanzia wapi kuirekebisha.

Mtoa hoja

Nakiri mambo mawili. Kioo cha mchangiaji wa kwanza kimenishinda. Ninaweza kuandika kanuni ya kioo kisichobandikwa, lakini najua mwenye jengo atapata hila nyingine. Na ndugu msanifu amenionyesha kwamba kanuni inaweza kuwa wazi na ya kipuuzi kwa wakati mmoja, jambo ambalo katika maelezo yangu ya mwanzo nililipita haraka.

Basi nairekebisha hoja yangu. Kamati ibaki, ikutane na mwombaji mapema, wakati wa umbo la jumla, na iwe na hiari ya upande mmoja: iweze kumsamehe mwombaji sharti lililoandikwa pale anapoonyesha jambo bora zaidi, lakini isiweze kumwongezea sharti ambalo halikuandikwa. Loos angepata msamaha wake, na yule wa Issaquah asingezungushwa. Ukuta wenye kioo kilichobandikwa utapita, nalikubali hilo, na halmashauri itajifunza kuandika vizuri zaidi mwaka unaofuata.

Mchangiaji wa kwanza

Hiari ya kusamehe ndiyo inayouzwa, ndugu yangu. Kamati inayoweza kukataa hupata maadui. Kamati inayoweza kusamehe hupata marafiki, na mimi ningewahofia zaidi hao wa pili. Nitakubaliana nawe ikiwa kila msamaha utaandikwa sababu zake na kuwekwa hadharani pamoja na michoro, na ikiwa sharti lililosamehewa mara tatu kwa sababu ileile litarudishwa kwa madiwani walifute au walitetee.

Hata hivyo sitakufuata hadi kwenye maeneo ya kale. Ufaransa, tangu sheria ya mwaka 1943, huhitaji idhini ya msanifu wa serikali kwa ujenzi unaoonekana pamoja na mnara au jengo la kihistoria ndani ya mita 500. Hakuna namba itakayosema ni kivuli gani cha rangi ya kijivu kinachofaa karibu na kanisa la karne ya 12. Mtu mwenye uzoefu husimama pale na kutazama. Ukitaka niiache hiari hiyo, nionyeshe kwanza mji mmoja wa kale uliolindwa kwa vipimo peke yake.